Abiria Niliyemchukua Mengo

Siku niliyorudisha funguo za gari kwa mara ya mwisho, kijana wa ofisini aliniuliza kama nina neno la kuwaachia madereva wapya, hawa wanaopeleka wageni kuona makaburi ya wafalme na mahali palipopiganwa vita. Nikamwambia aningoje nikafikiri. Tangu hapo nimekaa nyumbani kijijini Paya nikitazama mihogo yangu ikikua. Mihogo haina mazungumzo, kwa hiyo nafasi ya kufikiri nimeipata.

Habari za vyeo na mishahara mtaniwia radhi, siziandiki. Kila mtu anazijua zake. Nitaandika habari za kazi yenyewe nilivyoikuta, na za safari moja ambayo sijawahi kuisimulia yote.

Niliingia kazini mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Uganda. Bwana Kantilal alikuwa na kampuni ndogo pale Tororo, karibu na stesheni ya reli: ofisi ya chumba kimoja na magari machache ya Peugeot ya kubebea watalii. Wageni walishuka kwenye treni ya kutoka Nairobi wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wale waliokuja kwa barabara kutoka Kisumu tuliwafuata mpakani Busia. Tuliwapeleka Jinja, Kampala, na wakati mwingine mpaka Hoima, kwenye makaburi ya wafalme wa Bunyoro na mabaki ya ngome za vita vya zamani. Karibu kila mgeni alipofika Tororo alisimama kwanza kuutazama ule mwamba mkubwa ulio juu ya mji, akauliza kama unaweza kulipuka. Tulimjibu kwamba si leo.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Wandera, Msamia wa upande wa Kenya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Wakati wa vita vya Hitler aliendesha malori ya jeshi, kwanza Abisinia halafu Burma, na mambo aliyoyaona huko hakuwa akiyasema. Alisema tu kwamba wageni wetu wana akili, kwa sababu wanachagua wafalme waliokwisha kulala na vita vilivyokwisha kupoa.

Siku yangu ya kwanza nilidhani atanipa usukani. Alinipa ndoo. Niliosha gari, akalikagua, akanirudisha kuliosha tena. Kisha akaniketisha kiti cha nyuma, akaendesha mpaka Bugiri na kurudi bila kusema neno. Tulipofika akaniuliza:

"Umeona nini?"

"Barabara, mzee."

"Mgeni haoni barabara. Anaona kisogo chako siku nzima. Kwanza nyoa nywele."

Nikanyoa. Kesho yake akaanza kunifundisha vifaa. Jeki na pampu kila dereva anavijua, lakini Mzee Wandera hakusafiri bila kipande cha sabuni ya mche. Tangi la petroli likitobolewa na jiwe, alikanda sabuni ile kwa vidole, akaikandika kwenye tundu, na gari likafika. Nimeifanya kazi hiyo kwenye barabara ya Hoima huku mgeni wangu akinipiga picha. Alikuwa na kamba ya katani, debe la maji ya rejeta, na blanketi la jeshi ambalo mtu mmoja mzima angeweza kulala chini ya gari juu yake na shati likabaki safi. Hayo yote mnaweza kuyacheka ninyi mnaoendesha mabasi yenye baridi ndani. Yacheke, lakini sabuni beba.

Zilizokuwa ngumu zaidi kuliko vifaa ni lugha. Nyumbani tunasema Dhopadhola, Lusamia nilijifunza kwa Mzee Wandera njiani, Kiingereza nilikuwa nacho cha shule, na Kiswahili ni cha mpakani kwetu, kila mtu anacho. Luganda alinilazimisha nijifunze. "Ukienda Kampala," alisema, "Kiswahili kiache kwenye daraja la Jinja, utakichukua ukirudi." Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, ya askari. Ukikisema, watu walikutazama mikono kwanza.

Na kulikuwa na adabu za makaburi. Pale Kasubi, walikolala wafalme wa Buganda, unaingia nyumba kubwa ya nyasi bila viatu, unakaa chini, na wanawake hukunja miguu upande mmoja. Mbele kuna mikuki imepangwa, na nyuma yake pazia la nguo ya gome la mti. Nyuma ya pazia wanapaita msitu. Mfalme hafi, anaingia msituni. Anapotea. Safari yangu ya pili mgeni aliniuliza mfalme fulani alikufa lini, nami nikageuka kwa bibi mtunzaji nikamuuliza kwa Luganda, nikitumia neno hilo hilo. Yule bibi alinikatia salamu kwa miezi mingi. Nikija na wageni aliwaitikia wao, mimi akanipita kama nguzo.

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa mpaka mwaka 1966, ambapo vita viliacha kuwa vya zamani. Jeshi la serikali liliingia ikulu ya Mengo kule Kampala, Kabaka, mfalme wa Buganda, akakimbilia ng'ambo, na ukuta ambao wageni wangu walikuwa wakiupiga picha ukawa ukuta wa kambi. Kwa muda hakuna aliyesafiri. Tulikaa stesheni tukiosha magari yaliyo safi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, niwaeleze habari za Ojiambo. Alikuwa kijana wa Samia, fundi seremala, jamaa ya mke wa Mzee Wandera. Miaka michache kabla ya vita alikuwa hana kazi, na Mzee Wandera akamchukua kwenye gari letu mpaka Kampala, kwa mtu anayemjua, akapata kazi ya kutengeneza milango na madirisha humo ikulu. Kila Krismasi alituma mzigo kwa gari letu, sukari na nguo za watoto, nasi tuliuacha Busia, mama yake akaja kuuchukua. Mama huyo aliitwa Mama Nafula. Alikuwa mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na hakuondoka na mzigo bila kutuachia karanga.

Baada ya vita, mzigo haukuja. Hakuna habari iliyokuja pia, isipokuwa zile za watu. Mmoja alisema Ojiambo amefungwa. Mwingine alisema ameonekana Kongo. Mwingine, ambaye nafikiri alitaka kumfurahisha, alisema ameoa Masaka na kanenepa. Mama Nafula alizisikiliza zote. Hakuweza kuweka matanga kwa mtu ambaye labda amenenepa Masaka. Mke wa Ojiambo alikaa vile vile, si mjane wala si mke, na ndugu za mume hawakujua wamtendee lipi. Watoto wakiuliza, waliambiwa baba yuko kazini.

Mwaka uliofuata wageni walianza kurudi kidogo kidogo. Mmoja wao alikuwa Bibi Halden, mama wa Kiingereza aliyestaafu uuguzi, mzee lakini mwenye miguu imara, na kofia ya majani ambayo upepo wa gari uliipenda sana. Alikuja kwa barabara kutoka Kisumu, na mimi nikaenda Busia kumpokea. Mzee Wandera alikuja nami. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu siku hizo, haendeshi tena safari ndefu, alibaki gereji. Nilishangaa kwa nini ametaka kuja.

Mpakani nikamwona Mama Nafula amesimama, amevaa gauni lake la kanisani.

Mzee Wandera akavua kofia mbele ya Bibi Halden. Kiingereza chake kilikuwa cha jeshini, kifupi na kikali, lakini siku ile alikisema taratibu. Alimwambia kwamba mama huyu ana mtoto aliyekuwa akifanya kazi katika ikulu ya Mengo, vita vikamkuta humo, na hakuna anayejua lililompata. Anaomba nafasi kwenye gari.

Gari lilikuwa limekodiwa na Bibi Halden peke yake. Akamtazama Mama Nafula kwa muda, kisha akasogeza mkoba wake kwenye kiti. "Mwambie aingie," akaniambia. "Mimi ninakwenda kutazama tu. Yeye ana shughuli."

Kabla sijawasha gari nilimvuta Mzee Wandera pembeni. "Mzee, kwa nini usije? Wewe ndiye unayewajua watu wa kule."

"Mimi ndiye niliyempeleka," akasema. "Nikimpeleka mama yake kusikia habari hizo, nitakaa wapi nikizisikia? Nenda wewe. Wewe utasema vizuri."

Tukaondoka. Mwanzoni wale mama wawili walikaa kiti cha nyuma kila mmoja akitazama dirisha lake. Tulipopita Iganga, Mama Nafula akafungua karanga zake, akampa Bibi Halden kwa mikono miwili. Wakala. Ndipo maneno yakaanza, nami nikayabeba huku na huku juu ya bega.

Bibi Halden alisema kwamba akiwa msichana aliuguza askari katika vita vya kwanza vya Wajerumani, huko Ufaransa. Tangu astaafu anazunguka kutazama mahali kama hapo, majumba ya wafalme na viwanja vya vita. Wenzake wanafikiri kichwa chake kina kasoro. "Wagonjwa wangu walikuwa wakitaja mahali," alisema. "Walitaja kilima fulani, ukuta fulani, mto. Mimi sikuwa nimeuona. Ninapenda kuona jinsi panavyokaa kelele zikishaisha."

Kisha akasema jambo ambalo halikuwa la mazungumzo ya karanga. "Tulikuwa tukiwaandikia mama zao. Tuliandika kwamba hakupata maumivu, amelala tu. Nimeandika hivyo mpaka mkono ukazoea."

"Ilikuwa kweli?" nikamuuliza.

"Mara nyingine."

Mama Nafula akanigusa bega. "Amesema nini huyu mama? Mbona uso wake umebadilika?"

Nikamweleza. Akafikiri mpaka tukavuka daraja la Jinja. Halafu akasema, "Mwambie mimi nisingeamini. Mwambie pia simlaumu."

Tulilala Kampala, na asubuhi tukaenda Kasubi. Mengo palikuwa na askari, na huwezi kugonga geti la kambi ukauliza habari za mtu. Mzee Wandera alikuwa amenishauri tuanze kwa watunzaji wa makaburi, kwani watu wengi wa ikulu waliokosa kazi walijibanza karibu nao.

Tukavua viatu, tukaingia, tukakaa. Bibi Halden alikunja miguu vizuri kuliko wageni wengi wa umri wake. Mama Nafula akainamisha kichwa, akawaamkia wale mabibi watunzaji kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyokuwa nayo ya kuamkia watu wa nje.

"Hamjambo, mama zangu?"

Hakuna aliyeitika. Bibi mmoja akageuza uso upande wa pazia. Yule aliyewahi kunikatia salamu akanitazama mimi.

Nikasema kwa Luganda, haraka, kwamba huyu si mtu wa kambini. Ni mama kutoka mpakani, mkulima, ametoka Kenya kumtafuta mtoto.

"Mtoto wake alikuwa askari?" yule bibi akauliza.

"Hapana, nnyabo. Seremala wa ikulu."

"Seremala gani?"

Nikamgeukia Mama Nafula. Akasema, "Mwambie ni mrefu. Ana pengo hapa mbele. Na akipiga randa huimba kwa pua, hata umwambie nini haachi."

Nilipotafsiri neno la kuimba kwa pua, mabibi wawili walitazamana. Yule mkubwa akashusha sauti. "Yule Msamia wa milango," akasema. "Alipotea."

"Anasema nini?" Mama Nafula akauliza.

"Anasema wanamjua. Anasema alipotea."

"Mwulize, amepotea au amekufa?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba neno hilo halitamkwi ndani ya nyumba hii. Humu hakuna anayekufa, watu hupotea, ndiyo heshima yao.

Mama Nafula akasikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akasema, "Hiyo ni heshima ya wafalme, na mimi siivunji. Lakini mwanangu alikuwa seremala. Mwambie nataka neno la seremala."

Nilikaa na maneno yale mdomoni. Kuyasema mbele ya mikuki ile kulinitia hofu, na kuyapunguza ilikuwa kumwibia mtu. Nikayasema yote, kama yalivyo. Yule bibi akamtazama Mama Nafula kwa muda mrefu. Kisha akajishika goti, akasimama polepole, akasema, "Basi tutoke nje."

Nje ya ua kulikuwa na mwanamke mnene wa makamo akisuka mkeka, binti yake mdogo akicheza na vipande vya ukindu. Watu walimwita Nnalongo, kwa maana ni mama wa pacha. Bibi mtunzaji akamnong'oneza. Nnalongo akauweka mkeka kando. Alikuwa dobi wa ikulu, na siku ya vita alikuwa ndani.

Alipoanza kusema, Mama Nafula akanishika mkono. "Wewe mwanangu, sema kama anavyosema. Usinipunguzie."

Nnalongo alisema kwamba bunduki zilianza alfajiri. Watumishi wengi walikimbilia karakana ya useremala, kwa kuwa ilikuwa nyuma. Mchana ikaja mvua kubwa, mvua ya kufunika macho, na Ojiambo akasema hii ndiyo nafasi. Akaliburuta benchi lake la kazi, akaliegemeza kwenye ukuta wa ikulu, akaanza kupandisha watu. Nnalongo alikuwa na yule binti mgongoni, na pacha zake wakubwa walikuwa salama kwa bibi yao. Ojiambo alimsukuma nyayo mpaka akashika juu. Nnalongo akamwambia, panda na wewe. Ojiambo akasema kuna mzee wa bustani bado, ngoja nimpandishe. Akampandisha. Alipopanda mwenyewe, risasi ikampata akiwa karibu na juu, akaanguka upande wa ndani.

Nikasema hivyo hivyo, sentensi kwa sentensi.

"Mwulize," Mama Nafula akasema, "alikufa pale pale?"

Nnalongo akatazama chini. Alisema yeye alikuwa ameangukia kwenye migomba upande wa nje. Wengine walikimbia. Yeye akaita jina lake kupitia ukutani, na Ojiambo akaitika. Akaita tena, akaitika, sauti ikiwa ndogo. Ilikuwa hivyo mpaka mvua ilipoanza kupungua.

Hapo ndipo nilipokwama. Mpaka mvua ilipoanza kupungua ni muda mrefu kwa mtu aliyelala chini na risasi. Nilimtazama Bibi Halden. Luganda hakuijua hata neno, lakini alikuwa ananitazama, na nafikiri alijua kabisa niko wapi. Hakunipa ishara yoyote. Mkono wa Mama Nafula ulikuwa bado umeshika wangu.

Nikamwambia. Mpaka mvua ilipoanza kupungua.

Hakulia. Akauliza tena, "Muda wote huo alikuwa peke yake?"

Nnalongo alipolisikia swali akainua uso. "Upande ule, ndiyo," akasema. "Upande huu nilikuwepo mimi."

"Hukuondoka?"

"Sikuondoka mpaka aliponyamaza. Nilikuwa nikimwita nimwambie niko hapa. Nilimwambia mtoto ni mzima."

Mama Nafula akaachia mkono wangu. Akapiga magoti kwenye mkeka ule ambao haujaisha, akamshika Nnalongo mikono yote miwili, na ndipo akalia. Walilia wote wawili, mmoja kwa Lusamia na mmoja kwa Luganda, na hakuna aliyehitaji dereva. Binti akaja akasimama kati yao akiwa ameshika ukindu wake. Mama Nafula akampangusa pua kwa upindo wa leso, kama anavyofanya bibi yeyote.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari, Bibi Halden aliniuliza swali moja tu. "Umemwambia yote?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa. Akavua kofia yake ya majani, hakuivaa tena siku ile.

Nilidhani tumemaliza, lakini Mama Nafula alitaka kuuona ukuta. Nnalongo alikubali kutuonyesha kutoka barabarani, mradi asishuke garini. Tukazunguka Mengo mpaka upande wa nyuma, penye migomba. Akaonyesha kwa kidole, kisha akajifunika uso kwa kanga. Mama Nafula akafungua mlango, akashuka, akavuka barabara kabla sijazima injini.

Askari alikuwa amesimama pembeni mwa ukuta, kijana mdogo, bunduki ikiwa kubwa kuliko yeye. "Mama, simama hapo! Wewe nataka nini?"

Nikamkimbilia. Lakini kile Kiswahili kilichotufungia mlango kule Kasubi, hapa kilikuwa chetu sote watatu.

"Shikamoo... aa, mwanangu, hujambo," Mama Nafula akasema, kwa kuwa bunduki ilimchanganya heshima. "Nimekuja kumwita mtoto wangu. Tuende nyumbani."

Askari akatazama kambi, akatutazama. "Mtoto yako iko ndani? Ni askari?"

"Alikuwa fundi. Aliangukia hapo, nyuma ya ukuta huu, siku ya vita."

Sijui kwao yule kijana ni wapi, lakini alikuwa na chale ndogo mashavuni na uso wa mtu aliyelelewa na bibi. Akateremsha bunduki begani. "Hata kwetu mtu kama nakufa mbali, iko naitwa," akasema. "Ita, mama. Lakini usikawie, mkubwa yangu atakuja." Akatupa mgongo, akatazama barabara.

Mama Nafula akaweka kiganja kwenye ukuta. Akaita kwa Lusamia, si kwa sauti ya kilio, kwa sauti ya mama anayeita mtu aliye shambani.

"Ojiambo! Ojiambo, ni mimi mama yako. Vita vimekwisha. Toka hapo kwenye baridi, twende nyumbani. Mkeo yuko. Watoto wako wamekua. Njoo, gari liko hapa."

Akangoja. Akaita tena. Kisha akageuka, akaja garini taratibu, mwendo ambao hakuwa nao asubuhi, mwendo wa mtu anayeongozana na mwingine aliyechoka. Akafungua mlango wa nyuma upande wa kushoto, alikokuwa akikaa Bibi Halden, akasimama kando ya mlango.

"Huyu atakaa hapa," akaniambia. "Karibu nami."

Kabla sijatafsiri, Bibi Halden alikuwa ameshachukua mkoba wake na kuhamia mbele. Nnalongo tulimpeleka kwake, akiwa amebanwa upande wa kulia karibu na Mama Nafula, wala hakuna aliyegusa kiti kile. Bibi Halden tulimwacha hotelini kwake. Aliagana na Mama Nafula kwa kumshika mikono miwili, kama alivyopewa karanga. Kisha akainama dirishani, akakitazama kile kiti, akasema kwa lugha yake, "Safari njema, kijana." Hilo sikulitafsiri. Halikuwa letu.

Niliendesha kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuendesha. Mashimo yote ya barabara ile nilikuwa nayajua kwa majina, na siku ile sikuingia hata moja. Mama Nafula aliongea njia nzima kwa sauti ndogo, akionyesha. Huu ndio mto. Hii ni Iganga. Mvua imechelewa mwaka huu, mtama wetu ni mbaya, ng'ombe mwekundu amezaa.

Busia tulifika jua likiwa bado juu. Ofisa wa upande wa Kenya alikuwa kijana wa Kiluhya, shati lake limepigwa pasi vizuri. Akaja dirishani.

"Mko wangapi, mama?"

"Watatu."

Akainama, akanihesabu mimi, akamhesabu yeye, akatazama kiti kitupu. Akafungua mdomo kuuliza, kisha akautazama uso wa Mama Nafula.

"Huyo mmemtoa wapi?" akauliza kwa upole.

"Mengo. Ni mwanangu."

Ofisa akasimama wima. Akavua kofia. "Karibu nyumbani, ndugu," akasema upande wa kile kiti, akaenda mwenyewe kuinua kizuizi.

Nyumbani kwao hakukuwa mbali na mji. Watu walisikia gari, wakatoka, wakasimama uani bila kusema. Mke wa Ojiambo alisimama mlangoni, watoto wakiwa wameshika gauni lake. Mama Nafula akashuka, akamwendea, akamwambia neno moja tu la Lusamia, lile la seremala. Yule mwanamke akakaa chini palepale, na kilio cha wanawake kikapanda mpaka nyumba za jirani zikaitikia. Wanaume wakaondoka kwenda kukata shina la mgomba la kuzika badala ya mwili, kama desturi yao ilivyo kwa mtu ambaye hakupatikana.

Mzee Wandera, aliyebaki pale kutungojea tangu tulipoondoka, alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya watu. Akanyanyuka, akaja kwenye gari akipapasa njia kwa macho yake yale ya ukungu.

"Amekuja?" akaniuliza.

"Amekuja, mzee. Yuko kiti cha nyuma, kushoto."

Nikafungua mlango. Mzee Wandera akasogea, akanyoosha mkono wake ndani ya gari, kiganja juu, kama mtu anayemsaidia mwingine kushuka.

"Shuka, kijana wangu," akasema. "Nimekurudisha."

Nikangoja kiasi cha mtu kushuka na kunyoosha miguu baada ya safari ndefu. Halafu nikaufunga mlango, taratibu.